Kitana cha Mwalimu Revelian

"Lete kichwa, mke wangu," Revelian aliniambia uani kwetu Buguruni. Kesho yake mkaguzi wa Kizungu angekuja kumsikiliza akifundisha kemia, na upara wake haukufaa kwa jaribio lile.

Alikuwa ametoboa debe, maji yakichuruzika membamba kama uzi. Kitana cha plastiki kikisuguliwa kwenye nywele, alisema, kinapata chaji. Kila molekuli ya maji ina upande chanya na upande hasi, kwa hiyo inageuka na kuvutwa. Mafuta ya taa hayapindi, maana ndani ya molekuli zake mivuto inakaribia kufutana. Nilifurahi kwamba nimeelewa.

Akakisugua kitana juu ya misuko yangu iliyong'aa mafuta ya nazi, akakisogeza kwenye maji. Yakashuka wima. Akarudia kwa nguvu mpaka ngozi ikaniuma. Wima vilevile.

"Ni haya mafuta yako!" akafoka. "Jumapili nywele zilikuwa kavu, zimefumuliwa, na maji yalipinda mpaka karibu yaguse kitana."

Nywele zangu nilizisuka wiki mbili nyuma, kwa ajili ya Pentekoste, na tangu hapo sikuwa nimezifumua.

Alisikia alichokisema. Akainama, akajifanya anarekebisha debe, akaanza kunieleza upya habari za mafuta ya taa.

Nilikitwaa kitana. Nikakifuta mafuta kwa ncha ya khanga yangu, jino moja moja, hadi kikakauka, nikamrudishia.

"Nenda kwake," nikamwambia. "Usije ukaumbuka mbele ya mkaguzi."