Mashine ya Pili

Rungu la kwanza liliivunja mashine ya barua pepe. La pili lilimpata Musembi begani, akaanguka katikati ya nyaya.

Walikuwa wanaume watatu. Ilikuwa Jumamosi mchana, na ofisi nyingi za jengo lile la Mtaa wa Biashara zilikuwa zimefungwa. Waliwakuta Musembi, fundi wa kompyuta, na mwajiri wake wakili Muigai wakisubiri barua pepe kutoka kwa Lenox.

Lenox alikuwa mpiga picha. Aliwanasa kwa kamera watu waliochoma nyumba kule Dagoretti wenyeji wakiwa ndani, nyuso zao zikionekana wazi. Asubuhi hiyo alikuwa amepiga simu: "Picha nazituma leo. Jumatatu mzipeleke kortini."

Wakili aliburutwa kutoka mezani, akagongwa kichwa ukutani. Damu ilimtiririka hadi kwenye kola.

"Jamani, msiue kijana wa watu," alisihi. "Hajui kitu."

Mmoja wao, mnene, alikanyaga mabaki ya mashine hadi yakasagika. Kisha akamwinamia Musembi.

"Ile ingine iko wapi?"

"Ingine gani?"

Akamvunja kidole.

Musembi alijua vizuri ni ipi. Umeme wa jengo lile ulipotea kila mara, na alikuwa amechoka kuona barua za wateja zikipotelea njiani. Kwa hiyo aliweka mashine ya akiba mahali pengine. Ya ofisini ikizimika, barua zote hukimbilia ile ya pili na kungoja huko salama. Ya ofisini ikiwaka tena, huingia zote, kana kwamba hapakutokea lolote. Wakili alimsifu sana kwa kazi hiyo. Mahali ilipo, hakuna aliyewahi kuuliza.

Kidole kingine. Kisha mateke ya mbavu, hadi akatapika damu.

"Tutakuua, unasikia? Iko wapi?"

Aliwafikiria wale waliochomewa nyumba Dagoretti, akauma meno. Hakusema. Bawabu alipopiga filimbi kule chini, wanaume wale wakatoroka kwa ngazi ya nyuma.

Alizinduka hospitalini siku iliyofuata. Wakili Muigai alikuwa ameketi kando ya kitanda, kichwa kimefungwa bendeji, macho mekundu.

"Lenox amepatikana kwa mtaro huko Kangemi," alisema polepole. "Wamemkata na panga. Kamera hakuna, kompyuta yake pia hakuna."

Musembi alilia bila sauti, maana mbavu hazikumruhusu kulia zaidi.

"Alikuwa amezituma?"

"Alinipigia jana jioni, akasema zimeenda. Lakini yetu si ilikuwa imeshavunjwa?"

Musembi alijaribu kutabasamu kwa midomo iliyopasuka. "Basi hazijapotea, wakili. Ziko kwa ile ya pili. Nikipata nguvu nitafunga mashine mpya ofisini, na zitaingia zote."

Muigai alijifunika uso kwa viganja.

"Mungu ni mwema," alisema hatimaye. "Lakini hawa watu hawajamaliza, Musembi. Wacha niitoe leo hii, niifiche mahali hawawezi kufika. Iko wapi?"

Tangu jana, hii ndiyo mara ya kwanza Musembi kuulizwa kwa upole.

"Kwa dadangu Nthenya, Mountain View. Ana cyber ya intaneti karibu na kanisa. Analala hapo nyuma na watoto. Leo Jumapili amefunga duka, lakini mwambie ni mimi nimekutuma, atakufungulia."

Wakili alimshika mkono ule mzima, akamwombea, akamfunika blanketi hadi kifuani. Kisha akatoka, akavuka hadi kwenye gari lake na kufunga mlango. Akatoa simu.

"Amesema," alimwambia aliyepokea. "Cyber ya Nthenya, Mountain View, karibu na kanisa. Na msivunje mlango, mtashtua majirani. Semeni mmetumwa na Musembi. Atawafungulia mwenyewe."