Kibuyu cha Juu ya Meko

Uji wa msiba wa mama yake ulikuwa na ladha ambayo Sechelela aliijua tangu utotoni. Akaweka bakuli chini, akaingia jikoni. Juu ya meko, pale marehemu mama yake alipokuwa akitundika kibuyu cha mbegu ili moshi ufukuze wadudu, ilibaki kamba inaning'inia.

“Mama Chilewa, huu mtama mmeutoa wapi?”

Jirani aliacha kukoroga. “Hapo juu, mwanangu. Watu wamekuwa wengi, unga ukatuishia. Tukauosha majivu ya kuhifadhia, tukausaga. Siku hizi mbegu si tunanunua dukani? Tulidhani ni akiba ya chakula.”

Ulikuwa mtama uliozaa hata mwaka ule mahindi ya mbegu za dukani yalipokauka mashambani kote. Mama yake tu ndiye aliyekuwa bado anaupanda.

“Hamna kosa, mama,” Sechelela alisema.

Nje, waombolezaji walikuwa wakiusifu uji.

Akaokota kibuyu kando ya kinu, akakipindua juu ya kanga yake. Yakamwagika majivu matupu. Akakisogeza sikioni, akakitikisa polepole, kama mtu anayemwamsha mtoto.