Tafsiri ya Alio

"Mwambie hakuna swali la mtego," daktari alisema. "Nitauliza, naye atajibu akitaka. Akichoka tutapumzika. Chai ipo."

Alio, mkalimani wa serikali, akamgeukia mwanamke aliyekaa kitini, akamwambia kwa Kisomali, "Usinitazame sana. Sema lolote. Mengine niachie mimi."

Mwanamke huyo aliitwa Saynab. Askari walimkuta porini karibu na Hulugho akiwa na viriba viwili vya maji, na mwaka huo wa sitini na sita kumpa maji shifta, mwasi wa mpakani, kulikuwa kosa la jela. Siku tisa sasa hakuwa amefungua kinywa. Inspekta Kinoti alitaka aonyeshwe maficho, na hakuwa mtu wa kubembeleza. Ila kwanza ijulikane kama mahabusu ana akili timamu, ndiyo sababu Daktari Gichuki akaletwa Garissa kutoka Nairobi. Akisema ni mzima, Kinoti anamchukua kabla ya adhuhuri. Akisema ni mwendawazimu, anapelekwa hospitali Nairobi, mbali na mikono ya Kinoti.

Jambo moja halikuwemo kwenye faili. Saynab na Alio walizaliwa tumbo moja, baba mbalimbali, hivyo majina yao hayakufanana. Likijulikana, watafungwa wote wawili.

Saynab alimtazama, midomo ikamcheza. "Aboowe," akasema. Kaka.

Kinoti, aliyekuwa amesimama mlangoni, akashtuka. "Kumbe anaongea! Amesema nini?"

Jasho lilimshuka Alio mgongoni. "Anasema mimi ni ngamia wake aliyepotea."

Daktari akaandika. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na Alio alikuwa ameshavua.

Nesi Mirriam akaleta chai ya maziwa ya ngamia, inanuka moshi kama kawaida yake. Maofisa wa bara walikuwa hawaiwezi. Ya Kinoti ilipoa pale pale dirishani ilipowekwa. Daktari alimaliza yake akaomba nyingine, kisha akataka kujua kama mgonjwa anapata usingizi.

Alio aliuliza swali kama lilivyo. Saynab akajibu polepole, mikono kapakata. Alisema halali. Mumewe, Keinan, alipigwa risasi kisimani akinywesha wanyama. Hakuwa shifta, hakuwahi hata kushika bunduki. Askari walikifukia kisima, hivyo yeye Saynab alikuwa amekwenda mbali kutafuta maji ya kumwosha maiti kabla hajamzika, wakamkamata na viriba vyake, na Keinan akabaki juani. Sasa kila chuma kikigongwa, hata sufuria tu, anarudi pale pale kisimani na kumwona anaanguka upya.

Alio alitamani kumkumbatia. Alimpenda Keinan, na hakuwa amejua kwamba amekufa. Lakini kwa Kinoti, mke wa mtu aliyepigwa risasi ni mke wa shifta, basi. Akamgeukia daktari.

"Anasema samaki wa Mto Tana humwimbia usiku kucha. Ndiyo maana halali."

Daktari akaandika tena, mstari baada ya mstari. Alio aliitazama ile kalamu kwa hofu, maana maneno aliyotoa yeye hayakujaza hata robo ya ukurasa. Kisha daktari akainuka, akaenda dirishani, akamwomba Mirriam aache kuosha mabeseni pale nje. Huenda kichwa kinamuuma, Alio aliwaza.

"Amesema biyo," Kinoti akadakia. "Neno hilo nalijua. Ni maji. Alikuwa anampelekea nani maji?"

Njia ya mwongo ni fupi, na Alio aliona yake imefika ukingoni.

"Inspekta, samaki huishi wapi?" daktari aliuliza bila kuinua kichwa. "Na mgonjwa wangu hahojiwi na watu wawili. Nisubiri nje."

Kinoti akatoka, lakini hakwenda mbali. Kivuli chake kilionekana chini ya mlango.

"Swali la mwisho," daktari alisema. "Muulize anachotaka."

Saynab aliinua macho tena. "Nataka kwenda kwa mama," alisema. "Aboowe, mama yu hai?"

"Yu hai," Alio alimjibu, kwa sauti ile ile kavu ya kazini. "Anakuulizia kila siku." Akamgeukia daktari. "Anasema anataka mwezi."

Daktari aliinua uso, akamtazama. "Hilo tu?"

"Hilo tu, daktari."

Daktari alipindua karatasi, akatia sahihi, akagonga muhuri taratibu kana kwamba meza ile ni ya kioo, kisha akamwita Kinoti. Inspekta alisoma mpaka mwisho, akarudia.

"Kwa hiyo ni wazimu kweli?"

"Anaondoka na lori la saa nane. Atahitaji mtu wa lugha yake njiani mpaka Nairobi, na akifika pia. Huyu mkalimani atafaa. Nimeandika jina lake hapo."

Kinoti alisonya, akaikunja karatasi, akaenda zake. Hatua zake zilisikika mpaka mwisho wa baraza. Alio akashusha pumzi.

Daktari alifunika kalamu yake, akamwinamia Saynab. Hakumtazama mkalimani. Alisema kwa Kisomali, kile cha watu wa Rhamu, kaskazini kabisa, laini kama cha mtu aliyekulia huko, bila kukwama popote:

"Huko uendako hakuna atakayegonga chuma karibu nawe, nimeagiza. Na kaka yako mwambie uchungu wako ulitosha, hakukuwa na haja ya ngamia wala samaki."