Maji ya Kifuani

Pwaa! Pwaa! Pwaa!

Eloge aliisikia sauti hiyo kabla hajaliona ziwa. Ilitoka nyuma ya matete. Hakuhitaji kuuliza. Hapa mjini Baraka, asubuhi ya ubatizo, wavuvi wawili hutangulia na mtumbwi, wakiyachapa maji kwa kafi ili kumfukuza mamba.

Na kama hakuna mamba, wanachapa nini?

Matete yalipoisha, ziwa Tanganyika likafunguka lote, likimeremeta kwa jua la saa tatu. Nyuma ya Eloge njia ilikuwa imezibwa: kwaya, ngoma, akina mama wenye watoto mgongoni, wote wakiimba. Mbele maji. Kushoto na kulia matete. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Eloge hakuvua kitu, alivalishwa. Kanzu nyeupe, ndefu kumzidi, iliyoachwa na mtu aliyehamia Uvira. Walikuwa saba waliovaa nyeupe, na yeye ndiye aliyetakiwa kutangulia.

Mara mbili alikuwa amechomoka. Mwezi ule wa kwanza alisema malaria. Wa pili, mawimbi. Safari hii Mzee Albert, mkubwa wa wazee wa kanisa, alimfuata hadi mlangoni kwake.

"Ndugu Eloge, siku ya Mungu utaingia mu maji, ao utarudia ngombe za baba yako kule Bibokoboko. Kanisa yetu haina kazi na mutu wa kukimbia ziwa."

Kule Bibokoboko, juu milimani, watu hubatizwa kwenye kijito kilichozibwa kwa mawe. Mnyama mkali kuliko wote mle ni kaa.

"Karibu, mutu ya maziwa ya ngombe!" alipaza sauti Wilfried kutoka mtumbwini, kafi juu. Wilfried alikuwa Mkatoliki. Aliombwa tu kwa ajili ya mikono yake. "Sisi kwetu kopo moja ya maji inatosha. Ninyi munataka ziwa muzima!"

"Umeona kitu?" Eloge aliuliza.

"Bado."

Neno hilo lilimwingia kama mwiba wa samaki. Wiki nzima watu walikuwa wakimtuliza: papa na taa, wale samaki wa kutisha aliowaona kwenye simu, ni wa bahari, Tanganyika hawamo. Walisahau kwamba ukimhesabia mtu wanyama wasiokuwemo, unamkumbusha waliomo.

Mzee Albert alisimama mahali maji yanapoishia vifundoni, suruali ya suti imekunjwa, Biblia kifuani.

"Ingia. Tunakuangalia."

Mkono ukamshika Eloge kiwiko. Alikuwa Mama Anastasie, bibi wa miaka sabini na kitu, naye ndani ya kanzu nyeupe. Akamvuta polepole. Magoti. Mapaja. Kiuno.

"Unatetemeka, mwana."

"Maji iko baridi, mama."

"Maji ya Baraka, na hili jua, baridi?" Bibi alicheka chinichini. "Mi na ule munyama tunajuana. Alinikamata ku muguu nikiwa nachota maji, kule Lweba. Akaonja, akaona nyama ya kizee ni ngumu, akatema."

Eloge alitamani asingeambiwa.

"Iko miaka kumi na moja," bibi aliendelea. "Toka ile siku sijakanyaga ziwa. Hata mavazi nafulia kwa beseni, batoto banicheke. Leo ndiyo mara ya kwanza."

"Na leo umeingia namna gani?"

"Kuna mutu alinifundisha. Miezi tatu, kila juma, siku ya ine, ananiambia: penye Mungu iko, mamba ni mujusi tu."

Eloge hakuuliza ni nani. Aligeuza uso, akaangalia mbali, upande wa milima.

Maji yakamfika kifuani. Hapo ndipo palipochaguliwa. Mtumbwi ukawazunguka mara moja, ukasimama. Kafi zikanyamaza. Kwaya nayo ikanyamaza. Ukimya huo ulikuwa mbaya kuliko kelele zote, maana sasa aliweza kusikia meno yake mwenyewe.

Chini, kitu laini kikamgusa shavu la mguu. Kikateleza. Kikarudi.

Alitaka kukimbia, lakini nani aliyewahi kukimbia majini? Kanzu ilikuwa imevimba, imemzingira pande zote kama mtego. Ufukweni macho mia mbili. Maneno aliyoyakariri tangu Jumatatu, maneno machache tu ambayo hata mtoto angeyashika, yakamtoroka kichwani moja moja, kama ndagala kwenye wavu uliotoboka.

"Ndugu Eloge!" Mzee Albert aliita. "Tunangojea!"

Mama Anastasie alikunja mikono kifuani na kufumba macho, kama alivyofundishwa. Akangoja. Alipoona kimya kinazidi, alifumbua jicho moja, akakunjua mkono mmoja, akaifumbata kanzu ya Eloge kiunoni, chini ya maji, mahali ambapo ufukweni hawakuweza kuona.

"Nibatize, Pasta," alinong'ona. "Nilaze mu maji bila woga. Mi nimekushika, na sitakuachilia mpaka tutoke bote babili."