Mpaka Unaofuata Jiko

Tangu mpaka wa nchi mbili uanze kufuata jiko, kila nyumba ya bonde la Songwe ilihesabiwa kuwa katika nchi ya mpishi ambaye chakula chake kimeliwa kikaisha. Kwa miaka thelathini Tamandani, mzaliwa wa kusini, ndiye aliyepika; Ambokile, mumewe wa kaskazini, akaishi kwake mwenyewe kwa kibali cha mgeni.

Leo binti yao Tusa alikuwa na uchungu chumbani, na Ambokile alikuwa ameapa kuwa mjukuu atazaliwa kaskazini. Alijifunga kanga kiunoni, akashika mwiko.

"Baba Tusa, unasonga ugali au unachanganya saruji?" Tamandani alicheka hadi machozi.

"Mama Tusa, nakusihi. Kula."

Angeweza kukataa. Alilitazama lile bonge, akanawa, akamega. Alipotia tonge la mwisho kinywani, kichanga alilia, na nje vigingi vya mpaka vikajing'oa vyenyewe, vikatambaa hadi upande wa pili wa ua.

Ambokile aliruka kwa furaha. Ndipo spika ya serikali iliyo ukutani ikauliza kwa adabu, "Mama, kibali chako cha ukaazi kiko wapi?"

"Ngoja nimeze," alijibu Tamandani, na Ambokile akaona kwamba hacheki tena.