Mbwa Hakukimbia

Askari wa manispaa aliposhusha kitanzi cha kukamatia mbwa wazururaji, mbwa koko angeweza kutimua mbio. Hakukimbia. Alijibana mlangoni mwa karakana, sikio lake lililochanika likitetemeka, akalikinga kasha la maranda alimolala paka wa jalalani na watoto wake wachanga.

Mama seremala aliweka randa chini. Siku zote aliwaona mbwa na paka hao wakila makombo pamoja, akadhani ni njaa tu iliyowapatanisha.

"Mama, sogea. Huyu hana mwenyewe," askari alisema.

"Nani kakwambia?" Alipiga goti, akamfunga mbwa shingoni kwa mkanda wa aproni yake, kisha akasimama kifua mbele, kama mzazi ambaye mwanawe ametajwa wa kwanza darasani.

"Na paka je?"

"Huyo," alisema, "muulize mbwa."