Mfano wa Mume

Mwalimu alikuwa akimfundisha mumewe Kiingereza mezani. Jioni hiyo alimweleza jinsi kitenzi chenye "to" kinavyofuata nomino na kuieleza: kitabu cha kusoma, nguo za kufua.

"Haya, mwanafunzi wangu, nipe mfano wako," alimtania.

Mume alikwangua nta iliyoganda mezani kwa ukucha. Kisha akasema kwa Kiingereza, neno kwa neno: "Nina mtoto wa kumleta nyumbani."

Mwalimu alicheka. Miaka yote ya ndoa yao hawakujaliwa mtoto. "Umekosea neno. Ulitaka kusema nini?"

"Hilo hilo," alijibu, bado kwa Kiingereza. "Mwanangu ameanza darasa la kwanza."

Ukucha uliendelea kukwangua. Mwalimu aliushika mkono ule, akaubana mezani.

"Sasa niambie kwa Kiswahili," alisema, "ukinitazama usoni."